Si mil ao di mil: namna muntu anajifunza kusikia upya

Mama mukubwa wangu anauzisha sambaza, wale samaki wadogo, ku soko ya Kadutu hapa Bukavu tangu mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na miaka kama minne iliyopita akaanza kugombana na wateja kila siku juu ya pesa. Mteja anapatana naye si mil (elfu 6 kwa Kifaransa), yeye anasikia di mil (elfu 10), anamfungia samaki vizuri, akiangalia noti anakuta elfu 6 tu, hapo njo ugomvi unaanza, huyu anasema unaniibia, huyu anasema mama si tulipatana. Wamama wenzake walimtetea mwanzoni, kisha wakaanza kusemea pembeni, aah, mama huyu amekufa masikio.

Hilo neno, kufa masikio, njo nataka nianze nalo juu linatudanganya. Masikio ya watu wengi hayakufa, yamepungua, na yanapungua vipande vipande, sauti fulani zinaondoka na zingine zinabaki pale pale. Muntu wa hivyo anasikia mbwa akibweka, anasikia ngoma ya kanisa, anageuka ukimwita jina, halafu ukianza kusema naye maneno hayashiki. Anakuambia "nasikia unasema lakini sisikie unasema nini". Mzee akikuambia hivyo usifikiri anazeeka akili, amekupa maelezo sahihi kabisa ya ugonjwa wake, hata dokta wa masikio hawezi kuyasema vizuri zaidi.

Na hawa watu ni wengi. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kubwa mwaka 2021, likasema watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wamepungukiwa usikivu kwa kiasi fulani, na kati yao kama milioni 430 wanahitaji kusaidiwa kweli kweli, na karibu asilimia 80 ya hao wanaishi mu nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Sababu zinajulikana: uzee, makelele ya kazi, usaha wa masikio ambao haukutibiwa utotoni, menenjite (homa ya uti wa mgongo), kinini ikizidi, na zile sindano za kifua kikuu sugu (kanamisini na kapreomisini) ambazo zimeharibu masikio ya watu wengi mpaka Shirika la Afya likaacha kuzipendekeza kuanzia 2018 na 2019. Sitakaa sana hapo. Ninataka kusema juu ya kitu kinachokuja nyuma, wakati aparei, kile kifaa cha kusikia cha kuvaa ku sikio, imeshanunuliwa na familia nzima inafikiri kazi imeisha.

Sisi tulifikiri hivyo. Tulichangishana, watoto wake, wajukuu, mimi, mjomba mmoja aliyeko mbali, mama mukubwa akapimwa, akapata aparei mbili za nyuma ya sikio. Tulishangilia. Siku ya tatu nikamkuta hazimo, nikamuuliza, akafungua kabati akanionyesha zimefungwa mu kitambaa cha leso. "Mutoto wangu, hii kitu inaniletea makelele ya sahani na ya miguu ya watu, maneno hainiletee." Nilikasirika sana moyoni, nilihesabu pesa yote ile, nikasema wazee wetu ni kichwa ngumu. Nilikuwa nimekosa mimi, yeye alikuwa anasema ukweli.

Sisi tunalinganisha aparei na miwani, hapo njo tunapokosea. Miwani unavaa saa hii unaona saa hii, juu jicho la nyuma ni zima, shida ilikuwa mbele tu ku mwanga kuingia. Sikio si hivyo. Ndani kabisa mu mfupa kuna kitu kimejiviringa kama nyumba ya konokono, wanakiita koklea, na ndani yake kuna seli zenye vinyweleo, kama elfu 15 tu mu kila sikio. Elfu 15 ni kidogo sana ukifikiria kazi yake. Kati ya hizo kama 3,500 njo wajumbe wenyewe, wanapeleka habari ku ubongo, zingine zinasaidia kukuza sauti ndogo na kuichonga iwe kali, ili sauti hii isichanganyike na jirani yake. Seli hizo zikikufa kwa muntu haziote tena. Kwa kuku zinaota upya, hilo liligunduliwa miaka ya 1980 na wanasayansi wanalikimbilia mpaka leo, lakini sisi wanadamu hapana.

Sasa aparei inafanya nini? Inakuza sauti. Inakuza kwa akili, ile ya siku hizi inapimwa kulingana na audiogramu ya muntu (ile karatasi ya kipimo cha masikio), inaongeza pale palipopungua na kuacha pale palipo pazima, lakini mwisho wa yote sauti hiyo iliyokuzwa inaingia mu wavu uliotoboka. Na kuna jambo lingine linalochosha familia nyingi: mama anakuambia sema nguvu, unasema nguvu, anakuambia mbona unanipigia kelele. Si kisirani. Ile nafasi kati ya sauti ndogo anayoanza kuisikia na sauti kubwa inayomuumiza imekuwa nyembamba, chini pamepanda, juu pamebaki palepale. Ukipiga kelele unamrukisha kutoka kutosikia mpaka kuumia kwa hatua moja.

Halafu kuna ubongo. Mama mukubwa hakupoteza usikivu jana, ilikuwa polepole, miaka mingi, na mu miaka hiyo yote ubongo wake haukupokea s vizuri, wala f, wala sh, wala ule mlio mdogo wa t. Ukazoea dunia isiyo na hizo sauti. Siku aparei inazirudisha zote mara moja ubongo haujui tena hizi ni nini, zinaonekana takataka. Wewe na mimi tunakaa jikoni, sahani zinagongana, sandale zinakwaruza sakafu, mfuko wa plastiki unalia, na hatusikii chochote juu ubongo umeshajifunza kutupa hayo yote nje na kubakisha sauti ya muntu. Yeye ubongo wake umesahau kutupa. Hilo linarudi, lakini linarudi kwa wiki na miezi, na linarudi tu kama aparei iko ku sikio, si mu kabati.

Hapo njo mazoezi ya kusikiliza yanaingia. Si jambo jipya. Mu Paris mwanzoni mwa miaka ya 1800 daktari Itard alikuwa anafundisha watoto viziwi kutofautisha sauti kwa kengele na ngoma. Lakini kazi yenyewe ilikua kweli wakati wa vita vya pili vya dunia, askari wa Marekani walikuwa wanarudi na masikio yameharibika na milipuko, na mu hospitali ya kijeshi ya Deshon, Pennsylvania, kuanzia 1944, Raymond Carhart akaanzisha utaratibu ambapo askari hapewi tu aparei halafu aende, anabaki, anafundishwa kuitumia, anafundishwa kusikiliza na kusoma midomo. Wazo lake lilikuwa rahisi: kile kidogo kilichobaki ku sikio, mfundishe muntu akitumie chote.

Kabla ya kueleza namna, niseme kitu juu ya lugha yetu, juu mazoezi yaliyoandikwa karibu yote ni ya Kiingereza, kuna ya Kifaransa, na ukiyaleta Bukavu hivi hivi hayashiki vizuri. Mu lugha yoyote vokali, a e i o u, zina nguvu na ziko chini ku kipimo cha sauti, ndiyo maana zinabaki. Konsonanti nyingi, hasa s, f, sh, t, k, ni dhaifu na ziko juu, na masikio ya uzee na ya makelele yanaharibika kuanzia juu. Kiswahili kinamaliza karibu kila silabi kwa vokali, kwa hiyo mama mukubwa anashika wimbo wa neno vizuri sana, idadi ya silabi, vokali zake, lakini mifupa ya neno haioni. Ukimwambia "fika", "shika", "pika", kwake yote ni i na a, basi. Ukimwambia "soma" na "choma" hapo anaanza kubahatisha.

Bahati ni kwamba Kiswahili kinajirudia. Ukisema "viatu vyangu vizuri vimepotea", ile v umeisema mara nne, akiikosa ya kwanza atashika ya pili. Hatari iko mu vitendo, juu pale silabi moja ndogo njo inabeba kila kitu: atakuja, amekuja, alikuja, hakuja. Ukimwambia mzee "dokta hatakuja" akasikia "dokta atakuja", ameshavaa koti anatoka, na h ni pumzi tu, haina nguvu. Kwa hiyo ukiandaa mazoezi ya Kiswahili, usitafute tu maneno mawili yanayofanana kama pata na bata, weka mazoezi mengi ku hizo silabi za katikati na ku ndiyo na hapana, juu njo zinaharibu maisha ya watu nyumbani.

Sasa ngazi zenyewe. Mtaalamu mmoja, Norman Erber, alizipanga mwaka 1982 mu ngazi 4 na mpaka leo watu wanazifuata. Ya kwanza ni kugundua tu, kuna sauti ao hakuna. Ya pili ni kutofautisha, sauti hizi mbili ni moja ao ni tofauti. Ya tatu kutambua, nionyeshe ni ipi. Ya nne ni kuelewa, nikikuuliza ujibu, nikikupa hadithi uifuate. Zinaonekana kama ngazi za nyumba lakini mu kazi yenyewe unapanda unashuka, siku moja unafanya ya nne, unagundua ana shida ya kitu fulani, unarudi ya pili dakika tano.

Ngazi ya kwanza tunaifanya kila asubuhi mpaka leo, juu inachukua dakika moja na inatuambia kama aparei iko nzima. Ni zile sauti 6 za Daniel Ling: m, u, a, i, sh, s. M iko chini kabisa, s iko juu kabisa, zingine mu katikati, kwa hiyo kwa sauti 6 umepita uwanja wote wa maneno ya muntu. Na zote ni za Kiswahili, huna haja ya kubadilisha kitu. Unasimama mita moja, unaficha mdomo na kitambaa chepesi (si mkono wala karatasi nene, hizo zinakata sauti za juu na utamlaumu bure), unasema moja bila mpangilio, anarudilia. Kisha unaenda mita tatu. Siku s imepotea na jana ilikuwepo, usiseme amezidiwa, angalia betri kwanza, angalia kama kabomba hakajazibwa na nta. Mu nusu ya mara ambazo mama mukubwa alilalamika "leo haisikike" ilikuwa ni nta.

Ngazi ya pili na ya tatu njo tulipotaka kushindwa. Nilikuwa nimeandika maneno ku kikaratasi, pata bata, tatu tano, nasoma yeye anaonyesha, siku ya nne akakataa. Akasema nimemurudisha shule ya watoto. Nilienda kuuliza binamu yangu muuguzi, akaniambia kitu kimoja tu, fanya na kitu anachokijali. Basi nikamwaga pesa ku meza. Noti ya 500, 1,000, 5,000, 10,000, 20,000. Mimi mteja, yeye muuzaji. Ninakaa pembeni ili asione mdomo, ninasema bei, ananirudishia chenji. Akikosea tunarudilia, namwambia tena polepole, namwonyesha mdomo, halafu nasema tena bila mdomo. Hapo alikuwa anakaa saa nzima mpaka mimi njo nachoka.

Na hapo njo tulikuta siri ya si mil na di mil. Ni Kifaransa, tunajua wote tunahesabu pesa kwa Kifaransa hata kama maneno mengine yote ni Kiswahili. Tofauti yote kati ya elfu 6 na elfu 10 ni konsonanti moja mwanzoni. S ni hewa tupu, iko juu, kwake karibu haipo. D ina mngurumo kooni, weka vidole ku koo useme "di" utasikia inatetemeka, useme "sss" hakuna kitu. Mngurumo huo ni sauti ya chini, yeye anayo! Hakuwa anajua kuitafuta. Tukafanya zoezi hilo peke yake, vidole vyake ku koo langu mwanzoni, kisha bila kugusa, kisha macho yamefungwa, kisha na redio ikiongea chini chini pembeni. Hakufika kutokosea kabisa, na sitadanganya, mu makelele ya soko mngurumo huo unamezwa. Lakini nyumbani anaukamata, na kuukamata nyumbani kulimpa moyo wa kuvaa aparei kila siku, na kuvaa kila siku njo kulifanya sahani na sandale zianze kunyamaza.

Macho. Kuna watu wanafikiri kuangalia mdomo ni kudanganya, kwamba mazoezi ya masikio ni ya masikio tu. Mimi naona ni kinyume. Angalia muntu akisema baba, mama, papa, bila sauti: mdomo ni uleule, hakuna anayeweza kutofautisha. Lakini sikio hata lililoharibika linajua m inapita puani, na b ina mngurumo, p haina. Sasa chukua p, t, k: sikio la mama mukubwa haliwezi, lakini jicho linaona p inafunga midomo na k haifungi. Kile jicho halioni sikio lililobaki linakisikia, kile sikio limepoteza jicho linakiona, Mungu aliviweka vinasaidiana. Mu mwaka wa 1976 McGurk na MacDonald walionyesha kwamba hata muntu mwenye masikio mazima, ukimwekea sauti ya "ba" ku mdomo unaosema "ga", anasikia "da". Ubongo unachanganya vyote viwili bila kukuuliza. Kwa hiyo zoezi la bila mdomo lifanye, ni la kukaza sikio, lakini maisha yenyewe yaishi na mdomo unaonekana, na mwanga uwe ku uso wa anayesema, si nyuma yake.

Na umbali. Hii ni bure na watu hawaitumii. Kila ukipunguza umbali nusu, sauti yako inaongezeka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti) ku sikio lake. Ukitoka mita 4 ukafika mita moja umempa desibeli 12, na makelele ya nyumba yamebaki palepale. Usimwite kutoka jikoni. Enda. Na mvua ikipiga ku mabati, hizi mvua zetu za Bukavu, acha kabisa, hata mimi mwenye masikio mazima sisikii, chukua karatasi andika ao ungoje ipite.

Ngazi ya nne tunaifanya kwa kusoma. Zoezi hili lilitengenezwa mwaka 1978 na De Filippo na Scott: mmoja anasoma kipande kidogo, maneno matano, sita, mwingine anarudilia neno kwa neno, akikosa huendi mbele mpaka apate yote, unaweza kurudilia, kusema polepole, kubadilisha namna, kisha mwisho wa dakika 5 ao 10 unahesabu maneno yaliyopita ukagawanya kwa dakika. Namba hiyo unaiandika na tarehe. Sisi tunasomea Biblia juu mistari mingi anaijua, na hilo lilinisumbua mwanzoni, nikafikiri anakariri hasikii, kumbe ni vizuri kuanza na kile anachokijua, ubongo unajaza mapengo na unajifunza sauti zinavyoonekana sasa mu aparei, kisha polepole unaingiza mambo asiyoyajua, habari za redio, barua ya shule, mashauri ya jirani. Wiki ya kwanza hatukumaliza hata mistari kumi. Redio nayo inasaidia akiwa peke yake, Radio Okapi inatangaza tangu 2002 na Kiswahili kimo, watangazaji wanasema wazi na habari ileile inarudi mara nyingi kwa siku, asichoshika asubuhi anakishika saa sita.

Asifanye akiwa amechoka. Kusikiliza na masikio yaliyopungua ni kazi kama kubeba mzigo, ubongo unakisia kila neno, jioni kichwa kinauma. Robo saa, dakika 20, mara nyingi kwa wiki, inatosha. Akisema leo hapana, ni hapana.

Sasa kuna swali ambalo muntu makini ataliuliza: hii imethibitishwa? Jibu lake halinyooki. Kuna programu za kompyuta, moja inajulikana sana inaitwa LACE, ilitoka Marekani, dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 4. Ripoti za kwanza zilikuwa nzuri. Kisha mu mwaka wa 2016 ikatoka kazi kubwa zaidi, wanajeshi wastaafu 279 wa Marekani wenye aparei, wakagawanywa vikundi 4, wengine LACE ya kompyuta, wengine ya DVD, wengine walisikiliza tu vitabu vikisomwa, wengine walipewa mafundisho ya kawaida ya aparei. Mwishoni vikundi havikutofautiana. Na ukaguzi wa tafiti 13 uliotoka 2013 ulikuwa umeshaonyesha jambo linalofanana: watu wanaboreka ku zoezi lenyewe wanalolifanya, lakini kuboreka huko kunahamia kidogo tu ku mambo mengine.

Kwa hiyo mtu akikuuzia programu ya simu akakuambia itarudisha masikio ya baba yako, usimpe pesa yako haraka. Mimi ninachokisoma mu matokeo hayo ni kwamba kama unaboreka ku kile unachofanya, basi fanya kile unachokihitaji. Kama shida yake ni bei za sokoni, afanye bei. Kama ni sauti ya mjukuu, mjukuu njo asome. Na kusikiliza kitabu kikisomwa nako ni kusikiliza, wale wastaafu hawakukaa bure. Familia kukaa naye robo saa ikimwangalia usoni, hiyo kompyuta haiwezi kuihesabu.

Watoto ni habari nyingine, na hapa naomba wazazi wanisome polepole. Muntu mzima aliyesikia maisha yake yote, ubongo wake una maneno ndani, tunayaamsha tu. Mtoto aliyezaliwa hasikii hana maneno ya kuamsha, na ubongo haungoji, sehemu ya kusikia isipopata kazi inachukuliwa na kazi zingine kama kuona. Utafiti uliotoka 2002 kwa watoto waliowekewa implanti ya koklea (kifaa kinachoingizwa ndani ya sikio kwa operesheni) ulionyesha kwamba waliowekewa kabla ya miaka 3 na nusu ubongo wao ulijibu sauti kwa kasi ya kawaida, waliochelewa zaidi ya miaka 7 wengi hapana. Nchi zilizo na uwezo zinalenga kupima kabla ya mwezi 1, kujua ugonjwa kabla ya miezi 3, kuanza msaada kabla ya miezi 6. Huku kwetu mama anaambiwa ngoja, wavulana wanachelewa kusema. Usingoje. Mtoto asiyeshtuka na kishindo, asiyegeuka ukimwita ku miezi 6 ama 7, mpeleke apimwe, na mtu mzima ambaye sikio limezima ghafla kwa siku moja mbili, huyo ni dharura, akimbizwe siku hiyohiyo.

Na mtoto ambaye implanti haipatikani, ambao ni karibu wote hapa, asiachwe bila lugha huku tukimfanyisha mazoezi ya sauti asizozisikia. Hilo kosa lilishafanyika. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan wakaamua ishara ziondolewe shuleni, viziwi waseme kwa mdomo tu, na vizazi vizima vilipigwa mikono kwa kuongea lugha yao, mpaka 2010 kule Vancouver kongamano hilohilo likakubali kwamba ilikuwa makosa na kusikitika. Afrika yetu ilipata bahati ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi mwenyewe tangu miaka 11 sababu ya menenjite, aliyefungua shule ya viziwi Accra mwaka 1957 na kisha zingine mu nchi nyingi za bara hili, na ishara ambazo viziwi wa Afrika ya Kifaransa wanatumia zinatoka mu kazi hiyo. Alikufa mu ajali ya ndege Rwanda, Desemba 1987, hapo jirani tu. Mtoto mwenye ishara ana mahali pa kuwekea maneno, na kama kesho atapata aparei, maneno atayakuta yako tayari.

Narudi ku mama mukubwa. Kitu kilichomaliza ugomvi wa Kadutu hakikutoka mu zoezi langu, alikigundua mwenyewe. Zamani akikosa kusikia alikuwa anasema "nini?", na mteja anarudilia neno lilelile kwa nguvu, si mil, SI MIL, na hapo hakuna msaada wowote. Sasa anabadilisha lugha. Mteja akisema si mil anamuuliza kwa Kiswahili, "elfu sita ao elfu kumi?", na sita na kumi hazifanani hata kidogo, vokali ni tofauti, hata sikio lake linazigawa bila shida. Na mteja akianza na Kiswahili akasema elfu tatu, ambayo kwake inafanana na elfu tano, yeye anamuuliza kwa Kifaransa, trwa ao senk, na hapo tena hazifanani. Lugha moja inapoteleza nyingine inashika. Wateja hawajui kama ni dawa, wanafikiri mama anapenda kuhakikisha. Akiona mteja ana haraka anamwambia wazi, "baba, masikio yangu ni ya kusaidiwa, niangalie usoni useme", na alisumbuka miezi mingi kabla ya kuweza kusema sentensi hiyo mbele ya watu.

Simu bado. Laini ya kawaida ya simu inapitisha sauti mpaka kama hezi 3,400 tu (hezi ni kipimo cha sauti kuwa juu ao chini), na s iko juu ya hapo kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hata aparei nzuri haiwezi kukuza kitu ambacho hakikufika, na mdomo hauonekani. Namba asiyoijua haipokei. Ukimpigia anakata, kisha anakurudishia kwa video ya WhatsApp, anaweka simu ku ndoo ya samaki iliyogeuzwa, anavuta miwani, anakuambia haya sema, na usifunike mdomo.